Istikhara ya Nagpur

Mimi shule niliishia darasa la saba, Tanga, na leo nina maghala matatu ya vigae hapa Scarborough, Toronto. Wenye shahada zao wanakuja kwangu kuomba kazi. Nasema hivi ujue tu kwamba sikuzoea kuambiwa hapana.

Mwaka 2009 nyonga ya kaka yangu ilikwisha. Daktari wa Toronto akamwandikisha kwenye foleni ya upasuaji, zaidi ya mwaka mzima. Mimi na foleni wapi na wapi! Nikatafuta hospitali Nagpur, katikati ya India, nikapewa siku ndani ya wiki tatu.

"Istikhara kwanza," kaka akasema.

Sisi Makhoja, Mashia wenye asili ya India, hatuozeshi wala hatupasuliwi mpaka sheikh aombe, afungue Kurani, aseme kama jambo ni jema au baya. Nikampigia sheikh wetu simu nikiwa kwenye gari, nje ya ghala. Nikasikia akifunua kurasa.

"Mbaya. Acheni."

Nikasogeza tarehe siku nne mbele, nikampigia tena kana kwamba ni jambo jipya. Wengi wetu tunafanya hivyo tukikataliwa, tusidanganyane.

"Mbaya zaidi," akasema. "Na usiniulize tena."

Kaka nikamwambia imekuja nzuri.

Nagpur ni mji wa mchanganyiko. Mtaa mmoja una hekalu, msikiti, kanisa na nyumba ya ibada ya Wabudha, na sokoni Kimarathi, Kihindi na Kiurdu vinapigana vikumbo. Muuza machungwa alitusikia tukiongea Kiswahili, akauliza kwa Kihindi sisi ni watu wa wapi.

"Tanga," kaka akajibu, kana kwamba Tanga iko ng'ambo ya reli.

Alikuwa na furaha iliyonitisha. "Mwenzio nimelala kama mtoto, bwana mdogo. Istikhara ikiwa nzuri, raha!" Mbingu ilikuwa na rangi ya kutu, upepo hakuna kabisa, na wenye maduka walianza kushusha milango mchana kweupe. Nikauliza kuna nini. Dhoruba ya vumbi, wakasema, inakuja.

Kesho yake daktari alikuja na karatasi mkononi. "Moyo wake unaruka mapigo. Tunaweza kuendelea, ila hatari imeongezeka. Mkitaka, rudini kwenu atibiwe moyo kwanza."

Kaka akanigeukia. "Wewe ndiye unayepasuliwa? Mbona umekuwa mweupe kama vigae vyako?" Kisha akamwambia daktari, "Endelea. Mungu ameshajibu."

Hapo ndipo pa kusema. Mimi niliyebishana na mabenki, niliyegombana na watu wa forodha bandarini nikashinda, nilishindwa kufungua mdomo. Akatia sahihi.

Saa mbili tulizoahidiwa zikawa tano. Vumbi lilipiga madirisha mpaka taa zikawashwa adhuhuri. Mara mbili muuguzi alipita mbio mbele yangu, hakunitazama. Nilikodolea macho sakafu. Vigae vimepangwa ovyo, fundi wake ningemfukuza siku hiyo hiyo. Mwishowe daktari akatoka.

"Moyo ulisimama," akasema. "Tumeurudisha."

Baada ya miezi mitatu kaka alikuwa anatembea vizuri kuliko mimi. Ijumaa moja ya majira ya baridi, hapa Toronto, akanishika mkono msikitini, akanivuta hadi kwa sheikh.

"Sheikh, tazama mguu! Istikhara yako hii!"

Sheikh aliutazama mguu, halafu akanitazama mimi. "Mimi nilikataa mara mbili," akasema.

Kaka akaniachia mkono. Hakupaza sauti. "Na daktari alipouliza," akasema polepole, "ulikuwa umekaa pale pale, karibu yangu."

"Lakini si umepona, kaka?"

Akavaa viatu, akatoka nje kwenye theluji. Nilimwita mara tatu mbele za watu. Alikuwa anatembea haraka, bila kuchechemea hata kidogo, na sikuweza kumfikia.