Karao wa Githeri

Mtu aliyefariki wiki hii nyumbani kwao Kitui alifika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga kwa njia ndefu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na mimi nimehamahama vya kutosha. Alianza na lori la misheni, akipeleka unga wa lishe kaskazini wakati wa ukame, akilala chini ya lori na kuchimbua magurudumu mchangani. Huko aliona jambo ambalo halikumtoka tena. Mtoto mmoja aliyeandikishwa kupewa unga alizidi kukonda, kwa sababu unga wake ulipikwa katika sufuria moja na kugawiwa nyumba nzima. Kila mmoja alipata kijiko. Mtoto huyo alimzika kwa mikono yake. Aliacha usukani, akasomea uinjilisti, na misheni ikamleta Nairobi, hapo Mukuru, kusimamia shule ndogo ya mabati nyuma ya viwanda, ambako watoto waliokonda walisoma asubuhi na kula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, saa sita.

Hapo ndipo nilipomjua. Nilikuwa nimechoka na vibarua vya kiwandani, nikaajiriwa kubeba maji na kukoroga sufuria. Sheria yake ilikuwa moja: chakula hakitoki getini. Kila mchana alisimama pale akipekua mifuko, soksi na mikono ya sweta. Watoto walimwita Karao wa Githeri, yaani polisi wa githeri, lakini kwa kunong'ona, akiwa ameshapita.

Siku moja alifungua mkebe wa penseli ambao msichana wa gredi ya nne alikuwa ameufunika kwa mkono, akakuta githeri imejaa hadi kwenye kifuniko.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtoi wetu."

"Anasoma hapa?"

"Hata kutembea bado, Mwinjilisti."

"Basi kaa hapo umalize. Hii ni dawa yako. Dawa haigawanywi."

Msichana alikaa kwenye jiwe, akala punje moja moja huku machozi yakimdondoka mkebeni. Mpishi wetu, mama kutoka upande wa Kakamega ambaye hakumwogopa mtu, alisema bila kugeuka, "Mwinjilisti, na vile vikapu kumi na viwili vilivyobaki siku Yesu alipolisha umati, nani alipekua watu wakienda kwao?"

"Mama, wewe hukumzika yule mtoto."

Mpishi akaendelea kupakua.

Msichana hakurudi tena shuleni. Mwinjilisti alivumilia kwa muda, kisha akaniambia nimsindikize. Tulimkuta nje ya chumba chao akifua, mtoto amefungwa mgongoni kwa leso, na mikono ya msichana ilikuwa imerudi kuwa vijiti. Mwinjilisti akamuuliza kwa nini haji.

"Nikikula huko," alisema, "nikirudi huyu ananiangalia mdomo."

Mwinjilisti alisimama kando ya karai, kofia mkononi, kisha akasema, "Kesho mje wawili."

Walikuja wawili, na habari ikazunguka ploti zote za vyumba vya kupanga. Geti likaachwa wazi. Watoto wakaja na wadogo zao, akina mama wakaja na mabakuli, nami nikaongeza maji kwenye sufuria hadi maharagwe yakawa ya kutafutwa. Zilikuwa siku za furaha, lazima niseme hivyo. Kisha wakaja wageni kutoka ofisi ya misheni, na mizani yao. Hawakuwa watu wabaya. Waliwapima watoto walioandikishwa, na karibu wote walikuwa wamepungua. Mwinjilisti aliutazama mshale wa mizani kwa muda mrefu. "Tumerudi kwa kile kijiko," alisema. Wakampa achague: afunge geti, au aondoke. Kulifunga hakuweza, na kulitetea pia hakuweza; akachagua kuondoka.

Tangu hapo nimeishi Dandora, ambako watu huchagua chakula kutoka kwa taka, na Donholm, ambako chapati nzima hutupwa kwenye pipa. Sijaona tofauti kubwa kati ya majirani hao zaidi ya barabara chache, na bado tunazungumza kana kwamba njaa ni kasoro ya mtoto mmoja, itakayokwisha akinenepa na kupigwa picha. Njaa hukaa ndani ya nyumba. Anayemtoa mtoto mmoja mezani kwao na kumlisha peke yake anamtwika mzigo mwingine. Lakini mizani haikusema uongo, na kila nikifika hapo katika kuwaza, nakwama. Nimejifunza hili tu: tukipeleka chakula cha mmoja mahali penye watu sita, lazima tumpate mtu wa kusimama getini, na mtu huyo tunamharibia maisha.

Siku aliyoondoka Mwinjilisti, mpishi alimzuia palepale getini. "Simama, Karao. Lazima upekuliwe." Watoto wakacheka hadi wakashikana. Aliweka mfuko wake chini, akainua mikono. Mpishi alimpapasa kote, kisha akamtia kwenye mfuko wa koti githeri iliyofungwa kwa karatasi ya unga, bado ya moto.

"Ya watu wa nyumbani," alisema. "Usile njiani."

Mwinjilisti akatoka, mkono mmoja umefunika mfuko wa koti, vile yule msichana alivyokuwa akishika mkebe wake.