Siku Nilipowatembeza Wanangu Kutazama Samaki

Msinicheke kabla sijamaliza. Mke wangu alikuwa ameniletea watoto Guangzhou, Uchina, likizo, wametoka Dar, nami baba mzururaji nikajitia mwenyeji. Kila nikirudi na mizigo ya nguo kutoka soko la Shahe nilipita jumba lenye matangi ya vioo, samaki na kasa wakiogelea humo.

"Leo ni makumbusho ya samaki," nikawatangazia, "na hakuna kiingilio!"

Mlangoni tulipokewa kwa bashasha. Binti yangu Zuhura akampenda samaki mmoja mnene, akamnyooshea kidole. Mhudumu akamvua kwa wavu, akamleta mbele yangu akirukaruka. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mnaona? Wanamtambulisha kwetu!"

Tukaketishwa mezani, tukamiminiwa chai.

"Baba Zuhura, una hakika na hapa?"

"Mama Zuhura, mji huu naujua mimi."

Ndipo ikaja sahani kubwa yenye mvuke. Zuhura akachungulia, akapiga ukelele ukumbi mzima ukageuka: "Baba! Rafiki yangu wamemwekea tangawizi!"

Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. "Haya, mwenyeji, hayo makumbusho yako yanaliwa kwa mkono au kwa vijiti?"