Nilimpaisha binti wa mpira wa wavu hapa Kigali, sasa ananiomba nimfute

Wakuu, heshima zenu. Hii siyo chai wala sikusimuliwa. Yamenikuta mwenyewe na bado yamenikaba.

Mimi ni Mtanzania, afisa habari wa michezo kwenye chuo kimoja binafsi upande wa Kicukiro. Napiga picha mechi za wanafunzi, naandika matokeo, nawabembeleza watu wa redio watutaje. Nyumbani Tanga wanajua natangaza mpira kwenye TV. Nimechoka kuwasahihisha.

Kuna binti, nimwite Rehema, siyo jina lake. Mama yake ni fundi cherehani kule Gahanga. Chuo kilimsomesha bure kwa sababu ya mpira wa wavu, na wakuu, yule binti alikuwa anaruka. Ukikaa karibu na nguzo ya wavu ulikuwa unaziona soli za viatu vyake.

Mechi moja nikamrekodi vizuri, tangu anaanza kukimbia mpaka mpira unagonga chini upande wa pili. Nikaweka jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake, "Njoo upae nasi."

Video ikasambaa balaa. Uongozi ukanipongeza, nikavimba kichwa, kwa nini nifiche.

Timu moja ya nje nayo ikaiona. Wakamtaka haraka. Rehema akaacha masomo akiwa mwaka wa tatu, na habari ya kumuaga niliiandika mimi, kwa furaha kabisa.

Huko akaumia goti vibaya. Mkataba ukavunjwa, akarudi nyumbani. Chuo kikasema ufadhili ni wa wanaocheza. Sasa anamsaidia mama yake kushona, na anatembea akichechemea.

Shida ni kwamba ile video haijawahi kushushwa. Kila msimu wa kupokea wanafunzi wapya tunairusha tena, maana hakuna tangazo linalotuletea watu kama lile.

Niliposikia amerudi nikaenda Gahanga kumpa pole. Mama yake akanipa kiti. Rehema akaongea huku anashona, bila kuniangalia.

"Kaka, ile video utoe. Mutu anakuja kushonesha nguo, anaangalia simu, halafu anaangalia mguu yangu."

Mama yake akaongeza taratibu, "Mwanangu, hatuna hasira na wewe. Utoe tu."

Nikaahidi. Kesho yake nikaingia kwa bosi.

"Video ni mali ya chuo," akaniambia. "Na alisaini alipojiunga na timu."

Nikambembeleza. Akaniambia huruma niiache nyumbani.

Nikampigia Rehema nikamweleza.

"Basi utoe hata jina yangu."

Hilo niliweza. Nikalifuta siku ileile. Wakuu, kazi yangu yote ni kuwatafutia watoto wa watu jina, halafu aliyenipa sifa kuliko wote ndiye niliyemfutia lake, tena kwa kuombwa. Nilijisikia vibaya sana, na mpaka leo najuta kuichagua hii kazi.

Wadogo zangu mnaoitamani hii fani, ina raha zake, sitadanganya. Ila kabla hujampandisha mtu juu, kaa na mzazi wake kwanza, mjue akianguka nani atampokea. Mimi nilikuwa bize na kamera, na hakuna aliyeniambia hilo.

Wanasheria mliomo humu, nisaidieni: mtu akishasaini, hawezi tena kuidai picha yake? Na wenye kutaka kunitukana karibuni pia, nimejiandaa.

Jana ile video imerushwa tena. Chini yake kuna binti anayeomba kujiunga ameuliza, "Huyu dada anayeruka hivi ni nani?"

Kujibu maswali kama hayo ndiyo kazi ninayolipwa. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Mpaka sasa sijamjibu.