Udongo wa Kukichafua Kifaru

Nyasani alimwagiwa petroli siku ya Sabato, saa nane mchana, jua likiwaka, na watu waliokuwa wametoka kanisani kuimba. Hilo lieleweke kwanza. Hawakuwa wahuni wa kukodiwa. Walikuwa na tai shingoni. Aliyebeba jerikeni alikuwa Omwenga, kiongozi wa kwaya, ambaye siku hiyo ya Bwana hata kuni hachanji, maana amri imekataza kazi.

Kosa la Nyasani lilikuwa vichupa kumi na kimoja vya udongo. Lakini huwezi kuvielewa vichupa kabla hujakielewa kifaru.

Miaka sita nyuma Nyasani alikuwa dereva wa kifaru cha jeshi huko Somalia. Juu, kwenye mnara wa mzinga, alikaa Mose, mtoto wa jirani yake Makori. Vijana wawili wa kijiji cha Nyaramba ndani ya chuma kimoja, na Mose akaandika kwa chaki ubavuni NYARAMBA, akapiga picha, akaituma nyumbani. Bomu lilikuwa limetegwa barabarani. Kifaru kiliruka, mnyororo ukakatika, mafuta yakashika moto. Nyasani alitoka kwa mlango wa dereva, akapanda juu, akakivuta kifuniko cha mnara kwa mikono mitupu mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Kifuniko kilikuwa kimepinda. Ndani Mose alikuwa akiungua, na alichokuwa akipiga kelele ni neno moja tu: "Baba! Baba! Baba!" Ilichukua muda mrefu kuliko mtu yeyote angependa kujua.

Mkuu wa kikosi, mtu wa pwani, aliyasikia yote kwenye redio. Siku ya mazishi alisimama mbele ya jeneza lisiloweza kufunguliwa akasema kwamba Mose alikufa kishujaa, akimwita baba yake hadi pumzi ya mwisho. Mkalimani akaligeuza kwa Ekegusii: alimwita tata. Mzee Makori akalia huku ameinua kichwa. Tangu siku hiyo hakuna mazungumzo aliyoyaanza bila kulipitia hilo. Bitutu, mama wa marehemu, hakuachiwa neno.

Mtu wa pwani hana lawama. Kwa Kiswahili baba ni baba. Ila kwa Ekegusii, lugha aliyonyonya nayo Mose, "baba" ni mama. Baba mzazi ni "tata". Yule mtoto alikuwa akimlilia mama yake. Kati ya wote walioisikia sauti ile, Mgusii alikuwa mmoja, naye alisimama kaburini na bandeji mikononi akafunga mdomo. Angemnyang'anyaje mzee kitu pekee alichobakiziwa?

Basi akanyamaza, na ukimya ukamla kama mchwa alavyo boriti. Aliacha jeshi. Alivunja kabati kwa ngumi, akavunja mlango, na Mokeira, mkewe, akawachukua watoto akarudi kwao kabla hajavunjwa yeye. Kilichomuumiza kuliko vyote ni Bitutu. Wakati wa kuchuma chai, mashamba yao yakiwa yamegusana, alimsikia akiwaambia wanawake wenzake, "Mimi mwanangu hakunikumbuka." Hakulisema kwa hasira. Alilisema akichuma.

Kisha Bipin, mwenye duka la rangi na vyuma mjini Kisii, akampa boksi lililokuwa likikusanya vumbi rafuni. Mjukuu wake Sahil alikuwa ameliacha alipokwenda kusoma ng'ambo. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kifaru, ukikiunganisha kinatosha kukaa kwenye sinia.

"Wewe uliendesha kikubwa," Bipin akamwambia. "Huyu mdogo atakushinda?"

Nyasani akapata nia. Atakijenga kile chao, kama kilivyokuwa asubuhi ile, akipeleke kwa Bitutu, akiweke mezani, na kikishakaa mezani atalisema lile neno. Mikono mitupu ilishamshinda mara moja. Safari hii hakutaka kwenda mikono mitupu.

Alikiunganisha wiki mbili. Akakipaka rangi ya kijani, kikang'aa kama toi la dukani, akakichukia. Bipin akamwambia maneno ya Sahil: rangi ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni uchafu. Hapo Nyasani akawa fundi. Alichovya kipande cha sponji ya godoro kwenye rangi nyeusi akadonoa kingo, rangi ikaonekana imebanduka. Kutu aliipata kwa utomvu wa mgomba, ule ambao kila mama wa Kisii anajua ukishika shati hautoki. Rangi nyeusi iliyolainishwa kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, aliiacha itiririke kwenye mifereji midogo. Lakini vumbi lilimtesa. Vumbi la Somalia lina rangi nyingi, na udongo wa Nyaramba, ukiutazama vizuri, nao haufanani. Wa Makori ni mwekundu wa damu iliyokauka. Wa kwa Omwenga unaelekea manjano. Wa kisimani ni wa kijivu. Akawa anazunguka na kijiko, anachota kidogo mpakani, kidogo njiani, anaanika, anachekecha kwa kichujio cha chai, anatia kwenye vichupa vya bizari alivyopewa na Sudha, mke wa Bipin.

Na kwa kuwa jeshi lilimfundisha kwamba kitu bila jina ni kitu kilichopotea, kila kichupa akakibandika karatasi na kuandika ulikotoka udongo. MAKORI. BITUTU. OMWENGA. Kimoja alichota kaburini, maana alitaka kifaru kiwe na udongo wa mwenyewe. Akaandika MOSE.

Nyasani alizaliwa hapa. Alijua, kama mtoto wa darasa la kwanza ajuavyo, kwamba mtu anayezoa udongo wa nyayo zako na kuufungia na jina lako ni omorogi, mchawi, na kwamba mchawi hapelekwi kwa chifu. Alijua, akasahau. Mtu akizama katika kazi anayoipenda huwa mjinga wa kila kitu kingine.

Mwezi wa nne miguu ya Bitutu ikavimba. Mwezi wa tano hakuweza kufika shambani. Omwenga akakumbuka kijiko.

Walimkuta uani, kifaru juu ya kigoda, akimalizia kuyafunga kwa vanishi masizi ya koroboi aliyopaka kwenye kifuniko cha mnara. Hakuulizwa swali. Rungu la kwanza lilishuka kwenye mkono wa kulia na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa gotini. Jiwe likamkuta mdomoni, akatema jino. Wakamburuta kwa miguu mpaka katikati ya ua huku wengine wakiingia nyumbani, wakapindua kitanda, wakatoka na boksi la vichupa.

Omwenga akavisoma kwa sauti, na kwa kila jina mateke yakaongezeka. "Makori! Bitutu!" Alipofika cha nne akasoma "Omwenga," akakitupa kama kinachoma. Kisha akainua kingine. "Mose."

Mzee Makori akasogea. Alikuwa hajampiga mtu tangu ujana wake.

"Umemfuata hadi kaburini?" akauliza.

"Tata, huo udongo ni wa…"

Bakora ikatua mdomoni. Nyasani akajaribu tena, ikatua tena, na mara ya tatu, mpaka mdomo uliokuwa na maneno ukawa na damu tu. Petroli ikamwagwa. Ilimwingia machoni, puani, kwenye nyama iliyochanika. Makori akatoa kijiti cha kiberiti.

Ile harufu ndiyo iliyommaliza. Nyasani hakuwa Nyaramba tena. Alikuwa barabarani, chuma kinaungua, na safari hii aliye ndani ni yeye. Akapiga kelele. "Baba! Baba! Baba!" Mama yake mzazi alikuwa na miaka ishirini kaburini, lakini ndiye aliyemwita.

Bitutu alikuwa akija kwa kujikokota kati ya michai, fimbo mkononi. Aliposikia hivyo aliitupa fimbo. Hakuna aliyemwona akikimbia, ila wote walimwona akianguka kifudifudi juu ya Nyasani, mwili wote, gauni lake la Sabato likanyonya petroli.

"Washa!" akamwambia mumewe. "Washa basi, Makori! Mtu anayemlilia mama yake hatachomwa nikitazama."

Kijiti kilikuwa kimeshagusa ubavu wa kiberiti. Makori akakirudisha ndani ya kiberiti polepole, akakifunga. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakikung'uta suruali zao. Omwenga alirudi kuchukua jerikeni yake, kwa sababu ilikuwa ya mashine ya kukatia miti.

Bitutu alipoinuka aliona kitu mavumbini, kimelala ubavu. Akakiokota. Ubavuni palikuwa na herufi nyeupe ndogo kama punje za mtama: NYARAMBA. Picha yenye herufi hizo ilikuwa ukutani kwake. Akakibeba kifuani akaenda nacho.

Wiki tatu baadaye, Nyasani akiwa na plasta mpaka begani, Bitutu alituma aitwe. Makori alikuwa kitini, hakumtazama. Kifaru kilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma. Kilikuwa kinang'aa. Bitutu alikuwa amekiosha kwa sabuni ya mche na mswaki mkuukuu. Vumbi lote limekwenda, matope yamekwenda, kazi ya miezi minne imekwenda na maji ya beseni.

"Kilikuwa kichafu mno," Bitutu akasema. "Siwezi kuweka kitu cha mwanangu nyumbani na uchafu." Akamsogezea mswaki. "Ila hapa juu pamenishinda. Pasugue wewe."

Pale juu palikuwa kifuniko cha mnara, na yale masizi. Nyasani akaushika mswaki kwa mkono wa kushoto. Akautazama. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

"Mama, hapa ndipo alipokuwa. Nilivuta, pakakataa. Nilimsikia mpaka mwisho. Yule mkuu hakuijua lugha yetu. Mose hakusema tata."

"Alisemaje?" Bitutu akauliza.

"Alisema baba."

Makori akainuka. Akasema anakwenda kumtazama ng'ombe, naye ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Walimsikia akisimama nje ya mlango, hasogei.

"Mara moja?"

"Hapana, mama. Hakuacha."

Bitutu akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekikalia miaka sita. Alipomaliza alinyoosha mkono, akautoa mswaki kati ya vidole vya Nyasani.

"Basi hapo usipaguse," akasema. "Hapo pabaki hivyo hivyo."