Karani Ndani ya Kabati la Chipsi

Mume wangu Shaibu ana nyoka. Nasema mapema ili asiyependa habari za nyoka aondoke sasa hivi, maana hata mimi sizipendi, na ningekuwa na pa kwenda ningeondoka siku ile ile alipomwingiza hapa kwetu Nachingwea. Alikuja naye ndani ya gunia la korosho, gunia amelikumbatia kama mtu anayerudi na mtoto kutoka kliniki.

Wanaomjua Shaibu wanamjua kwa ghala. Miaka thelathini na mmoja alikuwa msimamizi wa ghala la ushirika. Korosho zikifika, anachota kiganja, anazitikisa sikioni, anakuambia hizi zimekauka, hizi bado, rudi nazo ukazianike. Wakulima walinuna, lakini waliondoka na magunia yao. Kipimo cha unyevu kilipoletwa kikasema yale yale aliyokwisha kusema yeye, akakitazama, akakirudisha kwenye boksi lake. Nyumbani vilevile. Ufunguo una msumari wake, chumvi ina rafu yake, viatu vyangu vinapangwa kama viroba vinavyosubiri lori. Nilivumilia kwa sababu mwanamume yule alikuwa anaongea. Nyie hamjui! Akirudi jioni ananikuta nakanda unga wa maandazi, anavuta kigoda, ananisimulia gunia kwa gunia. Nani kachanganya mawe, dereva gani kagonga nguzo akasingizia breki. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema "enhee".

Desemba akastaafu. Akakabidhi funguo kwa msimamizi mpya, Mustafa, akapewa saa ya ukutani na kitenge cha mke, akaja kukaa kwenye kiti cha barazani. Na maneno yakaisha.

Mwanzoni nikadhani uchovu. Mfungo ukaja ukapita, ufuta ukavunwa ukauzwa, Shaibu yuko kwenye kiti. Ukimuuliza chai au uji, "Mm." Ukimwambia bati linavuja, "Mm." Nikajaribu Kimwera, lugha aliyonitongozea, nikapata "Mm" ile ile. Hospitali walimpima presha, sukari na macho, wakasema mzee ana afya kuliko wanaompima. Binti yetu Zulfa, mwalimu wa baiolojia kule Ruangwa, akanipigia simu: "Mama, baba ana msongo. Mtafutie shughuli." Nikamtafutia kuku. Kuku wakakua, wakataga, wakaatamia. "Mm." Nikaanza kuogopa. Niliogopa kweli kweli, kwamba nitaishi na kile kiti mpaka mmoja wetu azikwe, na mwingine asijue kama jibu lilikuwa ndiyo au hapana.

Mwezi wa nane, ghala likisafishwa kabla ya msimu wa korosho, Mustafa akaja mbio. Shikamoo mama, shikamoo mzee, vibarua wamekuta nyoka nyuma ya mbao na wanataka kumponda, nikakumbuka wewe ulikuwa unawakataza. Shaibu akasimama. Hata kofia hakuvaa. Nusu saa baadaye karudi na gunia, akasimama mlangoni, akanitolea maneno mengi kuliko ya miezi minane yote kwa pamoja.

"Mama Zulfa, huyu hana sumu. Ni nyoka wa panya. Nimefanya naye kazi miaka sita, kwa hili kovu la mkiani namjua. Vibarua wangapi wamenitorokea miaka hiyo, yeye hajawahi. Nahitaji kioo, nimjengee nyumba."

Wakati huo mwenzenu niko juu ya stuli. Na huko huko juu ya stuli nikalia. Nyoka alikuwa ananiliza kidogo, lakini kilichonimaliza ni kile kioo. Mume wangu alikuwa anahitaji kitu.

Tukampigia Zulfa. Nilitegemea atamwambia baba yake aache upuuzi. Kumbe nilikuwa nimezaa mwalimu wa baiolojia. Alifurahi huyo! Akatuma video ya Mzungu mmoja na nyoka wake wa rangi ya machungwa, wanamwita nyoka wa mahindi. Shaibu akaitazama mara tatu, miwani kwenye ncha ya pua, akasema hata sisi mahindi tunayo, lakini huyu wetu ni wa korosho, na kikazi yuko juu zaidi. Akampa jina Karani.

Kwanza alitupia jicho kabati langu la maandazi. Nikamwambia, Baba Zulfa, jaribu uone. Akaenda kwa Rogath, fundi alumini, Mchaga mmoja mpole aliyefuata madirisha ya nyumba mpya akabaki. Rogath alikuwa na kabati la chipsi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Akalibadilisha mlango uwe wa kuteleza wenye komeo, akatoboa matundu ya hewa, akaziba kila upenyo kwa silikoni. Maandishi mekundu kwenye kioo, CHIPSI MOTO KARIBUNI, yaligoma kubanduka. Rogath akasema hayamzuii nyoka kupumua. Tukaliweka sebuleni, na mara mbili watu wamesimama dirishani kuulizia mishikaki.

Kulipanga lile kabati kulimchukua siku nne, na siku nne hizo aliongea kuanzia alfajiri. Upande mmoja balbu ya joto, yenye wavu ili nyoka asijiunguze, upande wa pili baridi, ili mwenyewe achague. Chini mchanga wa mtoni, umeoshwa, umekaangwa kwenye sufuria langu la pilau kuua wadudu. Naam, sufuria la pilau. Gome la mkorosho la kujificha, bakuli la maji la udongo, zito, asilipindue. Kila kitu nikaitwa nikitazame. "Mama Zulfa, njoo uone anavyokunywa." Nikawa natazama kutoka mlangoni, mguu mmoja nje. Siku ya sita Karani akameza panya wa kwanza, na Shaibu akacheka mpaka akakohoa. Semeni, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaja kunong'ona kwamba mtaani wanasema mzee kaleta nyoka wa utajiri. Nikamwambia kama ni wa utajiri mbona saa kumi na moja alfajiri umenisikia napuliza moto wa maandazi? Akafikiri, akaondoka.

Kwa hiyo nilikuwa na mume anayeongea. Ningetosheka, sivyo? Sikutosheka. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba anaongea na Karani. Mimi nilikuwa naitwa kuja kusikiliza. Asubuhi anapita jikoni moja kwa moja hadi kwenye kabati: umeamkaje, joto limekutosha? Mimi nimeshika kikombe chake cha chai. Niliona wivu. Mtu mzima, nina wajukuu wawili, namwonea wivu nyoka. Astaghfirullahi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja akarudi na kiroba cha maganda ya korosho kutoka kwa kikundi cha akina mama wabanguaji. Mchanga hauna hadhi, alisema. Karani amekulia kwenye korosho, acha anuse kwao. Maganda yenyewe yalikuwa ya msimu uliopita, yalishapikwa kwa mvuke, yameanikwa juani miezi. Akachota kiganja, akayatikisa sikioni, akatabasamu. "Yamekauka."

Sasa nisikilizeni. Korosho nzima Shaibu anaijua kuliko mtu yeyote wilaya hii. Ganda hajui. Korosho zilimpitia zikiwa zimefungwa, kwenye magunia. Mimi nilibangua miaka kumi na miwili kabla ya maandazi. Ganda la korosho halikauki. Juu linalia kama kokoto, ndani mafuta yamelala, na ukiliweka kwenye joto yanaamka, yanatoka jasho. Mafuta yale yanababua ngozi. Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ilitafuta alama za vidole vyangu mpaka yule dada akaniuliza mama umezificha wapi. Na Shaibu alikuwa anayamwaga maganda yale chini ya balbu, anayasawazisha kwa kiganja kama anatandika kitanda cha mgeni.

Akageuka. Kwa mara ya kwanza katika mambo yote ya nyoka yule, akaniuliza. "Unaonaje, Mama Zulfa?"

Ningefungua mdomo tu. Nikamtazama nyoka, nikamtazama mume wangu. Nikasema, "Mm."

Siku ya nne Karani alikataa panya. Ya sita tumbo lilikuwa jekundu, na magamba karibu na mkia yameinuka malengelenge. Shaibu akampigia Zulfa, na Zulfa akauliza maswali yote ya kitabuni: joto, maji, kupe? "Baba, umebadilisha chochote?" Akajibu hapana, nimemwekea tu vitu vya kwao. Nilikuwa nyuma yake nachambua mchele, na nikaendelea kuchambua. Nilikuwa najiambia, nyoka hufa, watu husahau, atahamia kwangu hayo maongezi. Hesabu niliyoipiga ndiyo hiyo, sina nyingine ya kujitetea.

Siku ya nane akamtazama Karani amejikunja kwenye kona ya baridi, kichwa kakiweka juu ya bakuli la maji ili kisiguse chini. Shaibu akalifunga komeo taratibu. Akatoka nje, akakaa kwenye kiti. Nikampelekea chai, nikamuuliza nimwongezee sukari?

"Mm."

Roho yangu ilishuka mpaka kwenye kandambili. Nilisimama pale na kijiko cha sukari nikaielewa hesabu yangu vizuri. Nyoka akifa, yale maongezi hayahamii popote. Yanazikwa naye.

Adhana ya alasiri ikalia, akaenda msikitini. Nikaingia sebuleni, nikafunga mlango nisije nikakimbia. Nikatelezesha kioo. Nilikuwa namsomea nyoka kila aya niliyojaliwa kuihifadhi. Nikaingiza mikono miwili. Jamani, si wa utelezi! Ni mkavu, ana uzito wa mnyororo, na alikuwa amechoka hata kunikimbia hakunikimbia. Nikamweka kwenye beseni. Tulivyokuwa tunafanya kikundini, ukishababuka, kwanza mafuta ya nyonyo yaivute sumu ya ganda, ndipo maji ya uvuguvugu, tena mafuta. Nikampaka kwa vidole hivi visivyo na alama, pole pole, kuanzia shingoni kushuka. Alitoa ulimi akaonja kidole gumba changu. Sikupiga kelele. Nadhani nilisema "pole baba".

Shaibu akafungua mlango na tasbihi mkononi. Akaona kabati wazi, maganda yamemwagwa uani, mkewe kakaa sakafuni na nyoka mapajani.

Nikamwambia yote kabla sijakosa ujasiri. Kwamba ni maganda, si ugonjwa. Ni joto la balbu lililoamsha mafuta. Kwamba nilijua siku ile ile ulipoyatikisa, Baba Zulfa, na uliponiuliza nilijua, nikanyamaza kwa makusudi, maana nilitaka afe uongee na mimi.

Akazungusha tasbihi punje kwa punje. Nikasema moyoni basi, nimekwisha, narudishiwa kiti. Shingo yake ikavimba. Kisha Shaibu, ambaye miaka thelathini na nne ya ndoa hajawahi kunipandishia sauti, akafungua mdomo na kunigombeza.

Alinigombeza! Alisema mimi ni mwanamke wa roho mbaya, ninayeweza kumtazama kiumbe asiye na mikono anababuka nami nachambua mchele. Alisema hata vibarua walevi walikuwa na huruma kunizidi. Akatoka kwa nyoka akaingia kwenye kuku, kwamba alijua nimewaleta ili kumfanya mjinga. Akaingia kwenye kiti, nani aliyekiweka barazani kama cha mgonjwa? Alisema miezi minane alikuwa anaamka asubuhi hana mlango wa kufungua, na hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyemuuliza habari za ghala, wote mnauliza chai au uji, chai au uji, mimi nimekuwa tumbo? Hapo akakohoa kidogo, akaendelea. Ukutani kwa Semeni sufuria ziliacha kugongana, watu wanasikiliza. Wasikilize. Nililia na sikujifuta, mikono ilikuwa na nyoka na mafuta.

Na kila neno alikuwa ananiambia mimi. Alikuwa ananitazama usoni, kidole kinanielekea, ananiita Mwamini, jina langu, ambalo hakulitumia tangu Zulfa azaliwe.

Jua lilipokaribia kuzama akaanza kupungua. Sentensi zikawa fupi. Akatazama mlango, akautazama upande wa barazani, nikaona midomo yake inakaribiana.

"Baba Zulfa," nikasema haraka, "na ile redio yako ndogo ya betri unayosema iliibiwa, haikuibiwa. Niliidondosha chooni."

Akanigeukia. Akavuta pumzi mpaka mabega yakainuka, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaanza upya.