Jirani wa Mama Kule Ufaransa

Mdogo wangu alipopata kazi ya kutunza wazee kaskazini mwa Ufaransa, alipanga chumba kwa mjane mmoja katika kijiji kidogo sana: kanisa, nyumba chache za matofali mekundu, na mashamba ya viazi pande zote. Duka hakuna. Mkate huletwa asubuhi na gari linalopiga honi. Mama, anayeishi nami hapa Rosettenville, kusini kabisa mwa Afrika, alimsikitikia sana.

"Hakuna hata spaza, hata kiduka cha mtaani," alisema. "Sasa chumvi ikiisha?"

Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia kwa video, mimi nikimalizia kushona nguo za wateja kwenye meza ya chakula. Siku moja mdogo wangu aliacha simu jikoni akatoka kuchukua kuni. Mama hakujua. Akaendelea kuuliza kama anakula vizuri, akiigiza kwa mkono kupeleka tonge mdomoni, mpaka sauti ya kizee ya yule mjane ikamjibu kwa Kifaransa, "Anakula, lakini haongezi."

Mama alifundishwa Kifaransa na masista kule Bukavu, na hakuwa amekizungumza miaka mingi. Akaweka kilemba sawa.

"Bonjour, Madame. Na wewe, unakula na nani?"

"Tangu mume wangu afariki, nakula na redio."

Siku hiyo waliongea mpaka chaji ikaisha. Magoti, kuku, mvua, watoto wasiopiga simu. Baada ya hapo mdogo wangu akawa anasalimiwa kwa dakika mbili tu, kisha anaambiwa, "Haya, nipe Madame."

Mwaka uliofuata mdogo wangu alipata kazi mjini, akahama, na simu ikaenda naye. Mama hakulalamika. Ila Jumapili ya kwanza, saa yao ilipofika, nilimkuta anaosha vyombo nilivyokuwa nimeshaosha. Nikamwandikia mdogo wangu. Siku yake ya mapumziko alirudi kijijini na simu mpya, akakaa na mjane mchana kutwa akimfundisha: hii ya kijani, bonyeza, usiogope.

Jumapili simu ikaita. Tuliona dari tu, na boriti moja nyeusi.

"Dada, naona dari," Mama alisema. "Shusha simu kidogo."

Dari ikayumba, likaja paji la uso, kisha jicho moja la buluu, limelowa.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Umepika nini?"

"Supu ya viazi na vitunguu."

Mama akanigeukia. "Ondoa vitambaa vya watu mezani. Pakua."

Aliegemeza simu kwenye jagi la maji, akaomba baraka kwa Kifaransa, polepole, akitafuta maneno. Yule bibi akasubiri kijiko mkononi mpaka amina.

Hivyo ndivyo tunavyokula Jumapili siku hizi. Wakati wa kiangazi chao saa zetu hulingana. Baridi ikiwaingia, wanabaki nyuma yetu saa moja, na sisi hapa tunakaa na njaa, ugali umefunikwa, tukimsubiri bibi wa Ufaransa aketi.