Aliyekubali Kuwa Alikunywa Chai

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kupiga hesabu katika utafiti wa vidonge, upande wa Kapsoit. Tulitaka kujua kama kidonge cha bei nafuu kinaingia kwenye damu sawasawa na kile cha kampuni iliyoibuni dawa hiyo. Kila mshiriki alimeza vyote viwili, kwa wiki tofauti, na siku mbili kabla ya kila zamu hakuruhusiwa kuonja chai, maana huvuruga vipimo vya damu.

Zamu ya pili ilipofika, daktari aliuliza nani amekunywa. Wanawake wanne walikuwa wametoka matanga yaleyale, na kule nani hukataa kikombe? Mmoja tu alinyoosha mkono. Mashine zilikuwa zimechukua kazi yake ya kuchuma majani, na malipo ya utafiti ndiyo yaliyowalisha wanawe.

"Mama, siku mbili tu zimekushinda?" daktari akamwambia. "Kwako chai ni pombe?"

Akawageukia wenzake. "Si tulikunywa sufuria moja?"

"Sufuria gani?" mmoja akasema, akifuta machozi ya kicheko.

Akatolewa.

Utafiti ulikuwa wa hatua mbili. Unaanza na watu wachache, unaona damu zao zinatofautiana kiasi gani, kisha unakokotoa wangapi zaidi wanahitajika ili utafiti uwe na nguvu, yaani usishindwe kuuona usawa ulipo. Zilitofautiana mno. Nilirudia hesabu mpaka nikaanza kutilia shaka hata kujumlisha. Jibu halikubadilika: hatua ya pili ilihitajika, na kwa kuwa yule mama hakumaliza, ilibidi aongezwe mtu mmoja wa kujaza pengo lake.

Alisikia tunaandikisha, akaja getini.

"Kijana wangu, nimeacha chai kabisa. Hata mgeni simpikii."

"Mama, aliyeingia hatua ya kwanza haruhusiwi ya pili."

"Hata kama sikumaliza?"

"Hata kama."

"Na wale?"

"Walimaliza. Wamelipwa."

Akanitazama. "Kwa hivyo ningenyamaza."

Nilianza kumweleza habari ya nguvu ya utafiti. Mlinzi akamwambia asogee, anazuia watu. Nyuma yake alisimama mdogo wa yule mwenzake aliyecheka hadi machozi, kitambulisho mkononi. Akampita, akaja mezani kwangu.

"Umeelezwa kuhusu chai?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Dada amenionyesha vile mtu anajibu."

Nikamwandikisha.